Muulize Mikono Yake Ilikuwa Inafanya Nini

Mwaka juzi tulipanda basi la mwendokasi Kimara tukielekea Kariakoo, mimi, mama yangu na mtoto wa dada yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Ndiyo kwanza amejua kusoma kwa kasi, kwa hiyo kila kibao kinachopita dirishani lazima akisome kwa sauti. Tulipofika kituo cha Urafiki akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia. "Mjomba, urafiki wa nani na nani?"

Mama akaniwahi. "Wa Tanzania na China, mume wangu. Hapa palikuwa na kiwanda cha nguo. Mimi nilifuma hapo miaka kumi na minne."

Mtoto akageuza shingo kukitafuta hicho kiwanda, lakini gari lilishaondoka. Akauliza tena, "Ulikuwa unafumaje?" Mama akatazama mikono yake, akasema tutaongea nyumbani.

Mimi nilikaa kimya mpaka Magomeni. Nimezaliwa wakati mama anafanya kazi pale. Nimelishwa na kusomeshwa kwa mshahara wa kiwanda kile. Maisha yangu yote nimekuwa nikisema "mama alikuwa Urafiki" kama mtu anavyotaja anwani ya posta. Lakini hilo swali la mtoto, ulikuwa unafumaje, sikuwahi kumuuliza hata siku moja.

Tangu safari ile nimekuwa nikienda kwa wazee waliofanya kazi viwandani na madukani hapa Dar es Salaam. Nawasikiliza, naandika. Mpaka sasa nimekaa na wazee kumi na wanane, na watatu kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Ndugu na marafiki wanaoniona nikizunguka na daftari wameanza kuniuliza nao waanzie wapi kwa wazazi wao. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye mzee nyumbani aliyewahi kupiga kadi getini.

Nianze na nilichokosea mwenyewe. Mzee wangu wa kwanza baada ya mama alikuwa fundi mitambo, anakaa Keko. Nilimwamkia, nikaweka simu mezani inarekodi, nikamuuliza, "Mzee wangu, kwa nini viwanda vyetu vilikufa?" Akakohoa kusafisha koo, akakaa sawasawa, akanihutubia dakika arobaini. Alisema sera, akasema viongozi, akasema wakubwa wa nje waliotukopesha, akamalizia na vijana wa siku hizi. Yote yalikuwa ya maana, na yote nilishayasikia kwenye vijiwe vya kahawa. Niliporudi nyumbani na kusikiliza, sikupata hata neno moja ambalo ni yeye tu angeweza kuniambia. Sikujua alikuwa akishika spana ya aina gani, wala mtambo wake ulikuwa ukilia vipi unapotaka kuharibika.

Tangu hapo swali la "kwa nini" naliacha kabisa, au naliweka mwisho wa siku ya tatu. Mzee ukimuuliza kwa nini kiwanda kilikufa, atakujibu kama raia anayesoma magazeti. Muulize mikono yake ilikuwa inafanya nini saa moja asubuhi, hapo utamkuta mwenyewe.

Sababu zenyewe zijue wewe kabla hujabisha hodi, ili usimchoshe mzee kwa mambo yaliyoko vitabuni. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Viwanda vingine vikataifishwa, vingine vikajengwa upya. Kisha yakaja mambo mfululizo: bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikala mwaka wa 1978 na 1979, na fedha za kigeni za kuagizia vipuri na malighafi zikakauka. Mtambo uliokosa kifaa kimoja ulikaa miezi. Mwaka 1984 milango ya kuingiza bidhaa ikaanza kufunguliwa, mitumba ikajaa, na khanga yetu ikakutana sokoni na nguo ya bei ya chini kuliko pamba yenyewe. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka ya 1990 ikawa ya kubinafsisha. Huo ndio mfupa. Nyama yake iko kwa wazee.

Baada ya kuelewa hilo nilirudi kwa mama, na safari hii sikumuuliza kitu. Nilinunua kibunda cha uzi wa pamba, nikakaa naye uani jioni, nikaukata uzi mbele yake, nikamwambia, "Mama, umekatika."

Akaupokea bila hata kuniangalia. Ncha mbili akazikutanisha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, gumba likazibana. Mkono wa kulia ukauzungusha uzi mara moja, ukaupitisha nyuma ya ncha, ukavuta. Fundo likatokea, dogo kama punje ya ulezi. Akalipitisha kati ya kucha mbili kuona kama linakwaruza. Yote hayo hayakufika sekunde tatu, na ni zaidi ya miaka thelathini tangu alipolifunga mara ya mwisho kwa ajili ya mshahara.

"Likiwa kubwa halipiti kwenye kitana," akasema. Hapo maneno yakaanza kutoka yenyewe, na niliandika mpaka adhana ya isha.

Akanieleza kwamba nyuzi za mtande zinakuja kwa maelfu zimetandazwa kama mvua iliyolala. Kila uzi umebeba kibati chembamba. Uzi ukikatika kibati kinaanguka na mashine inasimama yenyewe. Mfumaji anakimbilia hapo, anaisaka ncha iliyopotea katikati ya wenzake, anaunga, anapitisha kwenye tundu lake, anapitisha kwenye kitana, anawasha. Huku akifanya hivyo, mashine nyingine nyuma yake imeshasimama. Mfumaji hana mashine moja, ana safu. Ukichelewa, au ukiunga vibaya, kitambaa kinatoka na mstari, na mstari ule watu wa ukaguzi wanauona kabla hujafika kwenda kula.

Halafu akanieleza kelele. Mshindio unarushwa na kijimtumbwi cha mbao kinachopigwa upande huu kikaenda upande wa pili na kurudi, bila kupumzika, na ukumbi mzima una mashine zinazofanya hivyo kwa pamoja. "Mle ndani mtu anaweza kukuita jina lako sikioni usimsikie." Kwa hiyo wakajifunza kusoma midomo. Kushika koo ilikuwa na maana ya nakwenda kunywa maji, niangalizie. Vidole viwili begani: msimamizi anakuja. Mpaka leo mama akiwa na jambo la siri mbele ya wageni ananisemesha kwa midomo bila sauti. Nimekua nikidhani ni tabia yake tu. Kumbe ni lugha ya kazini.

Na manyoya ya pamba. Walitoka zamu wakiwa na mvi za pamba kwenye nywele na nyusi, watoto wa njiani wakiwaamkia shikamoo bibi, na yeye alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: nenda na kitu mkononi. Kirekodio peke yake kinamfanya mzee ahutubie. Uzi, kopo, spana, sindano ya viatu, mizani ya kuning'iniza, kipande cha kitenge cha zamani, chochote ambacho vidole vyake vinakijua. Kwa mzee mmoja wa Kawe aliyefanya kazi Tanganyika Packers, kiwanda cha nyama ya makopo, nilikwenda na kopo la nyama la dukani, la kutoka nje. Alilipokea, akaligeuza kichwa chini, akapitisha ukucha kwenye mshono wa mfuniko, kisha akagonga kitako chake kwa kijiti na kuinamisha sikio. Kopo zima linalia sauti kavu, akasema, kopo lililoingia hewa linajibu kwa sauti nzito iliyolala. Akagonga tena, akanipa kijiti na mimi nigonge. Jambo kama hilo hutalipata ukimuuliza kuhusu sera.

Ushauri wa pili, panda naye gari. Jiji hili limevizika viwanda vyake lakini majina limeyaacha kwenye vituo, na konda anayaita kila siku bila kujua anaita nini. Ubungo Maziwa iliitwa hivyo kwa sababu ya kiwanda cha maziwa. Kawe, vijana wanajua viwanja vya Tanganyika Packers kwa mikutano mikubwa ya injili. Nimekutana na kijana aliyedhani ni jina la uwanja. Chang'ombe kuna Sigara, na pale bahati nzuri kiwanda chenyewe bado kinafanya kazi. Barabara ya Nyerere wazee wanaiita Barabara ya Pugu, na wakisema hivyo usiwasahihishe, maana ukilitaja jina jipya unawaondoa kwenye barabara wanayoiona wao. Kwenye hiyo Barabara ya Pugu ndiko zilikotengenezwa redio na betri za National ambazo karibu kila nyumba niliyoijua ilikuwa nazo, redio imevalishwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama bibi harusi.

Ukiwa kwenye gari mzee anakumbuka kwa mwili. Anajua kona ijayo kabla haijafika. Mama mmoja niliyempandisha daladala kutoka Buguruni kwenda Ubungo aliinuka kwenye kiti ghafla na kusema, "Hapa ndipo tuliposhukia, tunavua kandambili, tunavaa viatu vya kazi." Nikashuka naye. Palikuwa na fremu za kuuza simu. Alisimama pale karibu robo saa akinionyesha palipokuwa na geti, kibanda cha mlinzi, mwembe, mama wa chapati, mahali baiskeli zilipoegeshwa. Nilichora yote. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika haya ninayoyasema, fanya hilo.

Urafiki penyewe kilifunguliwa mwaka 1968, kimejengwa kwa mkopo na mafundi wa China, na katikati ya miaka ya 1990 kikaingia ubia na kampuni ya Kichina. Hayo ni ya kwenye maandishi. Lakini niliwahi kumuuliza mama, "Mshahara ukitoka mlikuwa mnaenda wapi?" na hapo ikafunguka dunia nyingine. Kiwanda kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Fikiria hilo: mahali pa kufuma khanga pana wanamuziki. Na hawakuwa peke yao. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964. Shirika la bima lilikuwa na Bima Lee, mabasi ya UDA yakawa na bendi yao, na mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi ya TTTS ikaanzisha Mlimani Park, ambayo baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Kwa hiyo usisahau kumuuliza mzee kuhusu dansi na mpira. Watu wengi wameshasahau bei ya mkate, lakini wanakumbuka nani alishika gitaa la rithimu na timu ya kiwanda ilifungwa na nani.

Maduka ni kazi ngumu zaidi, na nakiri mimi mwenyewe nilichelewa kuyapa uzito. Kiwanda kinaacha paa na bomba la moshi. Duka likifa linaacha ukuta ambao kesho umepakwa rangi ya mtandao wa simu.

Kwa duka, mpe mzee karatasi na kalamu, umwombe achore ramani ya ndani. Kaunta iko wapi, mizani iko upande gani, nani anakaa kwenye kiti cha fedha, pipa la mafuta ya taa limewekwa nje au ndani, gunia la sukari limefunguliwa kwa juu au kwa pembeni. Baba mmoja aliyekuwa akiuza kwenye duka la Shirika la Biashara la Mkoa, wenyewe wakiita RTC, alichora rafu zote, halafu nyingi akaziandikia "tupu". Nikamuuliza mbona tupu. Akasema, "Si umesema nichore lilivyokuwa?"

Hapo tukaongelea foleni. Watu walifika usiku wakapanga mawe na makopo kushika nafasi, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako ulisogeze la mwenzio. Tukaongelea maduka ya kaya, sukari ya mgawo, unga wa njano ambao watu waliupa jina la unga wa Yanga, sabuni ilipopotea na watu wakafulia majani ya mpapai. Tukaongelea mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, wakati baadhi ya watu walifukia bidhaa ardhini na kutupa nyingine usiku kwa hofu. Baba yule alipofika hapo alishusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu chumbani. Mzee akishusha sauti, na wewe weka kalamu chini. Mwache amalize, na kabla hujaondoka muulize kama hilo liandikwe. Mawili kati ya aliyoniambia siku ile sijayaandika popote na sitayaandika.

Kwa mitaa ya Kariakoo, Kisutu na Upanga, nakusihi inua macho. Nyumba za zamani za maduka zina jina na mwaka kwenye paji la uso, juu kabisa, zimechongwa kwa saruji. Moja baada ya nyingine zinashushwa kupisha maghorofa. Piga picha leo. Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa 1975, watu walidhani litakuwepo milele, mpaka lilipoungua Julai 2021 na wafanyabiashara wengi wakagundua hawana hata picha moja ya meza yao. Na usiwaache Wahindi nje ya habari hii. Baada ya majengo kutaifishwa 1971 familia nyingi ziliondoka, wengine wako Kanada na Uingereza. Mzee mmoja wa Toronto niliyeunganishwa naye na mjukuu wake alinitajia kwa simu, kwa Kiswahili kitamu cha mitaa ya Gerezani, kila mlango wa mtaa wao kutoka kona hadi kona, pamoja na jina la fundi cherehani aliyekaa kibarazani mwa duka lao. Watoto wa fundi yule wako hapa hapa Dar. Nimewapelekea.

Kuhusu karatasi: zipo nyingi kuliko unavyodhani. Zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya Biblia, ndani ya msahafu, kwenye bahasha ya kaki. Barua ya kuajiriwa, slipu za mshahara, kadi ya NUTA au ya JUWATA iliyofuata, picha ya mfanyakazi bora wa mwaka. Zipige picha pale pale mezani, umrudishie mkononi. Usiondoke nazo hata akikusisitiza. Khanga na vitenge pia ni karatasi. Tazama ukingoni, baadhi vina alama ya kiwanda.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, na ambalo naomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Ukienda na daftari kwa mzee aliyefanya kazi kiwanda kilichofungwa, kuna uwezekano mkubwa atadhani umekuja kuhusu mafao. Baba yangu mdogo alifanya kazi miaka ishirini na moja kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Kilipofungwa aliambiwa asubiri. Aliitwa kwenye mikutano, akajaza fomu, akatoa nauli, akapeleka vivuli vya kitambulisho, akachangia pesa za wakili pamoja na wenzake. Alifariki faili likiwa bado kabatini mwa mtu. Bahasha yake ninayo mimi. Kwa hiyo najua macho ya mzee anapoona kalamu: anahesabu kwamba safari hii huenda akalipwa. Sema mapema, kabla hujakaa: "Shikamoo mzee. Sijatoka serikalini, sijatoka kwa wakili, sina uwezo wa kukusaidia mafao. Nimekuja kujifunza kazi uliyoifanya." Wawili walinirudisha mlangoni baada ya kusikia hivyo, na walikuwa na haki. Waliobaki walizungumza wakijua wanampa nani na kwa nini.

Usiende mikono mitupu pia. Kilo ya sukari, majani ya chai, sabuni. Si malipo, ni adabu ya kumtembelea mkubwa.

Nilipoteza mazungumzo ya wazee wawili kwa sababu simu iliibiwa Mbagala na sikuwa nimeyahamisha. Mmoja wao nilirudi, akanisimulia upya kwa uvumilivu mkubwa. Wa pili alikuwa mahututi hospitalini, akafariki wiki ile ile. Alikuwa ameniimbia wimbo waliouimba wakipakia magunia, na mimi nakumbuka mstari mmoja tu. Kila siku unayorekodi, kabla hujalala, tuma nakala kwa mtu mwingine na andika kurasa mbili kwa mkono.

Ukishapata ya wazee, yapeleke kwenye maandishi uone yanavyokaa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiko pa kuanzia kwa magazeti ya zamani kama Uhuru. Mzee anaweza kukosea mwaka. Sijakutana na mzee aliyekosea harufu.

Na tafadhali usiyapambe. Mimi nilianza kuandika habari za mama kwa kuremba, kana kwamba miaka ile ilikuwa sikukuu ya kila siku. Nilimsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeandika vizuri, lakini huyo si mimi. Andika na zamu ya usiku." Basi nikaandika zamu ya usiku. Kwamba aliniacha kwa jirani nikiwa na miezi minne, maziwa yakimtoka na kulowesha sare mashineni. Kwamba wanawake walitembea kwa makundi wakirudi alfajiri, na wa mwisho kufika kwake ndiye aliyetembea peke yake kipande cha mwisho, kwa hiyo walibadilishana nani awe wa mwisho. Kwamba umeme ukikatika ukumbi ulikuwa kimya ghafla, na kwa dakika chache watu waliofanya kazi pamoja kwa miaka walisikia sauti za wenzao, wakaonekana wageni.

Hapo ndipo aliponitajia mwenzake wa mashine ya pembeni, mwanamke wa Kigoma, aliyesimama hatua nne kutoka kwake kwa miaka tisa. Walifundishana, walichekana, walipeana habari za misiba na za waume, yote kwa midomo. Kula hawakwenda pamoja, walipishana, kwa sababu mmoja alibaki kuangalizia mashine za mwingine. "Sauti yake siijui vizuri," mama akasema. "Midomo yake naijua mpaka leo. Nikimwona hata ng'ambo ya barabara nitajua anasema nini."

Nimeuliza kwa wazee wote niliokaa nao. Mwezi uliopita mmoja wao, mama wa Manzese, akasema anamfahamu, anaishi Chanika kwa binti yake, magoti ndiyo yanamsumbua lakini akili iko timamu. Amenipa namba. Mama hataki tumpigie kwanza. Amesema tutakwenda Jumamosi, na tangu juzi amefua kitenge chake cha zamani na kukianika kivulini kisichuje.